Mzee Aendapo Makka, Aende na Rukhsa Zake

Kila ukaribiapo mwezi wa Dhulhija, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hujaa wazee wetu waliokaa juu ya mabegi, tasbihi mkononi, na watoto wao wakiwabusu mikono. Ni jambo la kuufurahisha moyo. Lakini tazama kwa karibu: utaona miguu iliyovimba ndani ya ndala, na mfuko wa dawa za presha na sukari ambazo hakuna aliyewaandikia saa za kuzimeza.

Mimi nilifuatana na mama yangu mkubwa kuhiji. Alikuwa na miaka 73, na sukari ameishi nayo miaka mingi. Siku ya pili Makka tulitoka msikitini adhuhuri, tukakuta ndala zake hazipo mlangoni. Nikamwomba angoje nikamnunulie nyingine. Akakataa, hoteli si mbali, akasema, na mja aliyekuja kutubu hashindwi na hatua chache za peku. Njia nzima hakulalamika. Usiku nilipomkanda miguu nikaona nyayo zote mbili zimetoa malengelenge, ngozi imeumuka kama chapati juu ya moto. "Mbona mimi sisikii kitu, mwanangu?" akaniuliza. Sukari ilikwisha zamani kumwondolea hisia za miguu. Kosa lilikuwa langu: nilijua anaumwa sukari, sikuuliza sukari humfanya nini mtu miguuni.

Asubuhi nikamletea kiti cha magurudumu, akageuza uso ukutani. Kumbe aliona haya, asije akaambiwa Tanga kwamba amehiji kwa kusukumwa.

Haya hiyo ndiyo ninayotaka kuipiga vita leo. Nani aliyetufundisha kuwa hija isiyomtesa mgonjwa ni nusu ya hija? Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe, katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, alitufu juu ya ngamia. Ummu Salama alipomlalamikia ugonjwa, alimwelekeza atufu nyuma ya watu hali amepanda mnyama. Bibi Sauda, aliyekuwa mzito wa mwili, aliomba kuondoka Muzdalifa usiku kabla ya msongamano, akaruhusiwa. Hao ni mama wa waumini! Mwanamke gani wa Tanga, au wa Lamu, atajiona mchamungu kuliko wao hata azikatae ruhusa walizozipokea? Kurusha mawe, asiyeweza humtuma mwingine amrushie. Arafa hakuna wakala, lakini hata huko mgonjwa akiwapo kwa wakati wake, ameketi au amelala, kisimamo chake kimetimia.

Na yupo asiyeweza safari kabisa. Katika hija ile ile mwanamke wa kabila la Khath'am alimuuliza Mtume juu ya baba yake, mzee asiyeweza kukaa imara juu ya mnyama: je, amhijie? Akajibiwa kuwa amhijie. Wengi ninaozungumza nao hudhani hija ya badali ni ya maiti tu. Sivyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mwenye mali ambaye uzee au maradhi yasiyotarajiwa kupona yamemzuia, humtoa mtu wa kumhijia, naye awe ameshajihijia nafsi yake kwanza. Mgonjwa mwenye tumaini la kupona hayumo humo, huyo hungojewa.

Wapo watakaosema, basi watu wahiji ujanani. Ni kweli, mwenye nazo asikawie. Lakini mkulima wa machungwa wa Muheza anayeweka akiba miaka 30, nauli humfikia magoti yamekwishachoka. Huyo tumwambie nini?

Tuwaambie watoto wake. Enyi mnaolipia wazazi safari, msinunue jina la Hajat mkamsahau mama mwenyewe! Mpelekeni kwa daktari miezi kabla, si wiki ya kuchanja homa ya uti wa mgongo. Mwulizeni daktari dawa zitamezwaje siku ya Arafa, insulini itakaaje baridi, viatu gani vinamfaa. Mshoneeni kimfuko cha viatu avivae shingoni, asiviache mlangoni. Mpeni mtu wake mwenyewe wa kumshika mkono. Kiongozi wa msafara ana watu wengi wa kuwaangalia.

Wala msimpeleke kwa njia ya mkato, kwa viza isiyo ya hija, ati ni nafuu. Juni 2024 joto la Makka lilifika nyuzi 51.8. Walikufa watu zaidi ya 1,300, na serikali ya Saudia ilieleza kuwa asilimia 83 yao hawakuwa na kibali, wakatembea masafa marefu juani bila kivuli. Kijana huweza kuponea hapo. Mzee mwenye moyo mchovu ataponea wapi?

Mama mkubwa alikubali kiti baada ya maalimu wetu kumsimulia habari ya Ummu Salama. Tawafu ya nguzo nilimsukuma mimi, shingo yangu imelowa jasho, naye midomo haikupumzika kwa dua. Siku hizi mwanamke wa mtaani akija kumwomba radhi kabla ya safari ya Makka, humwinulia unyayo wenye kovu, kisha humuuliza kama ana sukari.