Escalante Hakuwa Peke Yake

Filamu za walimu zinafanana kama pacha. Darasa lina vijana walioshindikana, mwalimu mgeni anaingia, siku ya kwanza wanamzomea, na mwaka hauishi kabla hawajamlilia asiondoke. Michelle Pfeiffer alicheza hivyo mwaka 1995 katika Dangerous Minds, Hilary Swank akarudia 2007 katika Freedom Writers. Mtazamaji anatoka akiamini kuwa kinachokosekana shuleni ni mwalimu mwenye moyo tu. Imani hiyo ni tamu, nayo ni uongo.

Chukueni ile inayosifiwa kwa ukweli wake, Stand and Deliver ya 1988. Edward James Olmos anamwigiza Jaime Escalante, mwalimu mzaliwa wa Bolivia aliyefundisha hisabati shule ya sekondari ya Garfield, mashariki mwa Los Angeles. Kwenye filamu, vijana wanaosumbuliwa na hesabu za sehemu wanafika kwenye kalkulasi ya kiwango cha chuo kikuu baada ya miaka miwili hivi, na jasho lote ni la mtu mmoja.

Ukweli ulikuwa tofauti. Escalante alifika Garfield mwaka 1974. Darasa lake la kwanza la kalkulasi, miaka minne baadaye, lilibaki na wanafunzi watano, wakafaulu wawili. Madarasa yaliyofuata yalikuwa na wanafunzi tisa, kisha 15. Wale 18 ambao filamu inawasimulia walifaulu mwaka 1982, na hawakuokotwa kwenye hesabu za sehemu: walikuwa wameandaliwa kwa miaka. Nyuma yao alikuwepo mkuu wa shule, Henry Gradillas, aliyepunguza madarasa ya hesabu nyepesi, na mwalimu mwenzake, Ben Jimenez, aliyefundisha kalkulasi naye. Baadaye yakaja masomo ya likizo katika chuo cha jirani. Gradillas na Jimenez kwenye filamu hawamo. Ratiba na vikao havina machozi, nadhani.

Kufutwa kwa wenzake hao kuna faida kwa watu fulani. Ukishaamini kuwa moyo unatosha, mwalimu wa darasa la watoto mia wasio na vitabu akilalamika, unamwambia hana wito. Sisi tuliozoea kusikia "ualimu ni wito" tunaijua kauli hiyo. Mara nyingi humtoka mtu ambaye mshahara wake si wa mwalimu.

Gradillas aliondoka Garfield mwaka 1987, mwaka ambao waliofaulu walikuwa wengi kuliko wakati wowote. Uongozi uliomfuata haukumuunga mkono Escalante vilevile. Walimu wenzake, ambao baadhi yao walichoshwa na umaarufu wake na madarasa yake ya wanafunzi zaidi ya 50, walimwondoa kwenye uongozi wa idara ya hisabati. Mwaka 1991 alihamia Sacramento, akiwa na moyo wake uleule, na idadi ya waliofaulu kalkulasi Garfield ikaporomoka. Olmos na wenzake wasingeweza kuonyesha hayo, kwa kuwa filamu yao ilishatoka. Waliotengeneza Freedom Writers walikuwa na miaka 16 ya kuyasoma.