Mpake mpagazi kwanza

Wiki jana niliweka picha ya askari wangu wa King's African Rifles. Kumi na wawili, wa bati, milimita 28 kila mmoja, nimewapaka mpaka vifungo vya shati. Mlipenda sana, asanteni. Lakini rafiki yangu mmoja alivuta ile picha ikawa kubwa, akaangalia nyuma ya askari, akaniuliza, "Maze, na hawa wenye mizigo mbona hawana nyuso?"

Sikuwa na jibu. Wale ni wapagazi. Nilikuwa nimewapiga koti moja ya kahawia mwili mzima, dakika kumi kwa wote wanane, nikawapanga nyuma ya kichaka. Ni kama nilikuwa napaka mawe.

Kwa wageni: huu ni mchezo wa vita wa mezani. Unanunua visanamu, vinakuja kijivu vile madini yalivyo, unavipaka mwenyewe, unajenga milima na vichaka, halafu mnacheza kwa kete na tepu ya kupimia. Zamani vilikuwa vya risasi, siku hizi ni bati iliyochanganywa. (Kiswahili kinachekesha: risasi ndiyo ilitengeneza askari na risasi ndiyo ilimuua.) Mwingereza H. G. Wells aliandika kitabu cha sheria za mchezo kama huu mwaka 1913, Little Wars, watu wazima wamepiga magoti sakafuni na mizinga ya watoto. Mwaka mmoja baadaye vita yenyewe ikaanza, na haikukaa Ulaya. Ilikuja mpaka Taveta.

Hiyo ndiyo vita mimi hucheza. Tanga 1914, Salaita 1916, mambo hayo. Ukitafuta visanamu vyake utavipata kwa watengenezaji wa Uingereza, na kusema ukweli vimechongwa vizuri. Kuvifikisha hapa ndiyo kazi. Kisanamu kimoja kinakula pesa ya chapo madondo ya siku mbili, na hujalipa usafiri wala ushuru. Kwa hivyo naelewa mtu akinunua wenye bunduki kwanza. Mimi pia nilifanya hivyo. Nasema tu tulikosea.

Hebu fikiria hiyo vita ilivyokuwa. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, kwa hivyo kila kitu kilibebwa na mtu. Chakula, maji, masanduku ya risasi, hema za maofisa. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60, karibu kilo 27, kichwani, siku baada ya siku, na wengi wao hawakuuliza kuandikishwa. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, waliokufa upande wao pekee ni zaidi ya 40,000, na wengi hawakuuawa na adui. Ilikuwa ni kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wa kigeni ambao haukupikwa ukaiva. Askari aliyepiga bunduki alikuwa amesimama juu ya hawa watu, halafu kwenye meza yangu walikuwa vumbi la kahawia.

Unajua nilishtukia wapi? Sokoni. Nilienda Kariokor kununua katani ya kutengenezea nyasi. Ukiikata vipande vya sentimita mbili, ukaifunga kishungi na kuichomeka kwenye gundi, inakaa nyasi ya Tsavo kabisa, hakuna haja ya kuagiza kutoka nje. Niko hapo nabishana bei na mama wa vyondo, nikakumbuka jina la mahali nimesimama. Carrier Corps. Kariokor ni Carrier Corps, vile tu midomo yetu ililichukua. Hata Kariakoo ya Dar ni hiyo hiyo. Nimepita hapo na matatu maisha yangu yote, na siku hiyo nilikuwa nanunua nyasi ya kuwaficha nyuma yake.

Nikarudi nyumbani nikaloweka wote wanane, nikasugua rangi yote kwa mswaki wa zamani. Nikaanza upya.

Sasa tuongee ngozi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huharibu. Kosa ni kuamini kuna kichupa kimoja kinaitwa ngozi ya Mwafrika. Panda matatu ya watu kumi na wanne uangalie tu. Kuna mwenye wekundu, kuna mwenye samawati kwenye mashavu, kuna aliyeiva kama kahawa. Mimi huchanganya kahawia tatu tofauti kabla sijaanza, ndio wasitoke kama mapacha. Vivuli naweka tone la zambarau: chini ya macho, pembeni mwa pua, chini ya taya. Sehemu za mwangaza usiongeze nyeupe, tafadhali. Nyeupe ndani ya kahawia inaleta majivu, mtu anakaa ni kama alitoka kwao bila kupaka mafuta. Weka chungwa kidogo ama njano ya udongo. Viganja vipauke, kucha pia kama una brashi ya nywele tatu. Macho nayo, kama mkono unatetemeka, acha kivuli. Kivuli kinatosha kuliko macho ya chura.

Udongo wa chini nilitumia wa Voi wenyewe, mwekundu, nimeuchuja kwa chujio la chai (mum asisome hapa). Majani ya chai yaliyotumika, ukiyakausha, ni majani makavu tayari.

Ilinichukua wikendi mbili. Mum aliingia akasimama mlangoni, akasema, "Wewe kijana, bado unapaka wanasesere?" Nikamwambia hawa si wanasesere, mum, ni Kariokor. Akachukua mmoja, akamgeuza, akauliza kama huyu alikuwa na viatu. Nikamwambia hapana. Akamrudisha polepole kuliko alivyomchukua.

Kuna watu wataniambia ni mchezo tu, na mchezo haudai nyuso za kila mtu. Nimewasikia. Lakini mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine pengine hawakukumbukwa kabisa. Mzungu aliyekufa alipata jiwe lenye jina. Sasa mimi, miaka mia moja na zaidi baadaye, niko na brashi mkononi na muda wa kutosha, nampatia ofisa masaa manne na mpagazi dakika moja na robo? Hapo sitaki kuambiwa ni mchezo.

Na wale wanaosema tusicheze hii vita kabisa kwa sababu iliua watu wetu, mko na hoja, lakini shuleni nilifundishwa hii vita kwa aya mbili. Yote ninayojua nimejifunza nikitafuta rangi ya mkoba.

Kwenye sheria pia nimebadilisha kitu. Sheria nyingi nilizocheza zinawaweka wapagazi kama alama tu ya mizigo, hawahesabiwi. Mezani kwangu, ukipoteza wapagazi nusu, bunduki zako zinapiga mara moja kwa kila zamu mbili. Ukiwapoteza wote, unakaa. Jumapili binamu yangu alikuwa Waingereza pale Salaita, akawaacha wapagazi wazi ndio askari wapate kichaka. Zamu ya tano hakuwa na cha kupiga. Alikasirika, akasema sheria yangu ni ya uonevu. Mechi ya pili akawaweka katikati na kuwazungushia askari, na alichelewa kufika kilimani kwa sababu alikuwa anatembea kwa mwendo wao.

Nimebakisha wanne. Nataka mashuka yao yatofautiane, kwa hivyo kesho naenda tena Kenyatta Avenue kwa ile sanamu ya askari iliyoko hapo tangu 1928. Iko na watu watatu wa shaba, na mmoja ni mpagazi. Nitampiga picha kutoka nyuma, vile nguo inakunjika mgongoni. Kama kuna mwenye ameshapiga za karibu, nitumie, jua la saa saba hapo huwa linaua kila kitu.