MAFUTA NI YETU, UFUNGUO NI WA NANI?

Kwa muda unaokaribia karne mbili sasa, jina la Unguja na Pemba limekuwa likitajwa duniani pamoja na karafuu. Mkulima wetu huchuma, huchambua, huanika na kupeleka zao lake katika vituo vya Shirika la Biashara la Taifa. Makonyo, ambayo zamani watu waliyahesabu kuwa ni takataka, hupelekwa katika Kiwanda cha Makonyo kilichopo Wawi, Chake Chake, yakatolewa mafuta kwa mvuke. Mafuta hayo hutiwa mapipani na kuvushwa bahari. Hapo ndipo safari yetu sisi inapokoma, na hapo ndipo safari ya faida kubwa inapoanza kwa wengine. Leo tunataka kulijadili lile linalofanyika baada ya pipa kufika ng'ambo, na kuuliza kwa nini hatuna sehemu ndani yake.

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli. Waganga wa meno wanakijua, kwani hutuliza maumivu. Lakini eujenoli inaweza pia kugeuzwa kuwa isoeujenoli, na isoeujenoli ikageuzwa kuwa vanilini, ile ladha na harufu ya vanila inayotiwa katika maziwa ya barafu, biskuti na manukato. Vanilini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza viwandani huko Ujerumani katika miaka ya 1870 kutokana na utomvu wa misonobari. Baadaye eujenoli ya karafuu ikawa malighafi mashuhuri ya kazi hiyo, mpaka kufikia miaka ya 1920. Kisha mlango ule ukafungwa. Katika miaka ya 1930 wenzetu wa Marekani walianza kutengeneza vanilini kutokana na maji machafu ya viwanda vya karatasi, na baada ya hapo ikaja ile inayotokana na mafuta ya petroli, ambayo ndiyo iliyotawala soko hadi hivi leo. Karafuu haikushindwa kwa sababu ilipoteza harufu yake, wala kwa sababu mkulima alikuwa mvivu. Ilishindwa kwa sababu watu wengine, katika maabara zao, waligundua njia iliyo rahisi zaidi.

Njia hizo, takriban zote, hutegemea kitu ambacho wataalamu hukiita kichocheo. Hapana haja ya kuliogopa neno hili. Kila mmoja wetu anamjua mshenga. Mshenga huenda baina ya nyumba mbili ambazo zingeweza kukaa miaka bila ya kupelekeana salamu. Kwa maneno yake ndoa hufungwa. Naye hurudi kwake salama, tayari kwa posa nyingine. Kichocheo nacho ndivyo kilivyo. Hukutanisha vitu viwili ambavyo peke yao visingekutana, au vingekutana kwa moto mkali na kwa gharama kubwa, kisha chenyewe kikabaki kama kilivyokuwa. Na kama ilivyo kwa washenga, si kila mmoja anafaa kila nyumba. Kichocheo kilichofaa petroli hakitafaa mafuta ya makonyo. Kila malighafi, na kila kiwanda, huhitaji kichocheo kilichotengenezwa kwa kipimo chake mahususi.

Na kukipata kichocheo hicho si kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Historia inatufunza. Mnamo mwaka 1909 mwanasayansi Fritz Haber wa Ujerumani alionyesha kwamba hewa ya naitrojeni inaweza kuunganishwa na haidrojeni ikapatikana amonia, ambayo ndiyo mama wa mbolea za viwandani. Lakini kichocheo alichokitumia kilikuwa ni osmiamu, madini adimu mno duniani. Ugunduzi ulikuwapo, kiwanda hakikuwapo. Kampuni ya BASF ndipo ilipomkabidhi kazi Carl Bosch kujenga mitambo, na Alwin Mittasch kutafuta kichocheo chenye bei nafuu. Mittasch na wenzake walijaribu vitu zaidi ya 2,500, katika majaribio yapatayo 6,500, hata wakaona kwamba madini ya chuma kutoka Uswidi, yakiwa na mchanganyiko wa vitu vichache vingine, hufanya kazi vizuri zaidi. Mwezi wa Septemba 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kutoa amonia. Zaidi ya karne moja imepita, na vichocheo vya chuma vya asili hiyohiyo bado vinatumika katika viwanda vingi vya mbolea duniani.

Yuko atakayesema kwamba hayo ni ya Wajerumani na mali zao. Basi na tutazame kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Bahari ya Hindi, ambao majahazi yao na yetu yamejuana tangu enzi na enzi. Katika miaka ya 1980 Maabara ya Taifa ya Kemia ya India, iliyopo Pune, ilibuni kichocheo cha aina ya zeolaiti kilichopewa jina la Encilite. Maabara haikukiweka kabatini pamoja na ripoti. Tangu mapema iliungana na kampuni ya saruji ya ACC, ambayo ilichukua jukumu la kukitengeneza, na Shirika la Kemikali za Petroli la nchi hiyo, IPCL, ambalo wakati huo lilikuwa shirika la umma, likakitumia katika mitambo yake ya Baroda. Mmoja alibuni, mmoja alitengeneza, mmoja alitumia. Nchi iliyokuwa ikinunua vichocheo kutoka nje ikapata cha kwake. Fundisho lililopo hapa ni kubwa kuliko zeolaiti yenyewe: kichocheo huzaliwa pale mwenye maabara, mtengenezaji na mtumiaji wanapokaa katika meza moja.

Wala sisi wenyewe si wageni wa kazi za pamoja. Wananchi wa Unguja wenye umri wa kutosha wanakumbuka vita dhidi ya mbung'o. Kuanzia mwaka 1994 hadi 1997 madume ya mbung'o waliohasiwa kwa mionzi walimwagwa kutoka angani juu ya kisiwa chetu kwa mamilioni. Mbung'o hao walizalishwa katika taasisi ya utafiti iliyoko Tanga. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitoa utaalamu. Serikali yetu na maafisa wake wa mifugo walifanya kazi mashambani na misituni. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwezi wa Septemba 1996, na tangu hapo ng'ombe wa Unguja wamesalimika na ndorobo. Kazi ile haikufaulu kwa sababu tulikuwa matajiri. Ilifaulu kwa sababu kila mshirika alijua zamu yake, na kwa sababu lengo lilikuwa moja tangu siku ya kwanza.

Tukirudi katika karafuu, swali ni: lengo letu liwe lipi? Hapa ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa, kwani wepesi wa kuchagua unaweza kutupeleka kubaya. Njia ya kale ya kuigeuza eujenoli hutumia potashi kali na moto mwingi, na huacha taka nyingi. Kwa hiyo watafiti wametafuta vichocheo vilivyo bora. Mwaka 2002 watafiti wa Gujarat, India, walichapisha matokeo ya kuigeuza eujenoli kwa kichocheo kikavu cha magnesiamu na alumini, ambacho huweza kuchujwa kikatumika tena. Madini hayo si ghali. Mtu angeweza kusema, basi na tuchukue hilo tuanze kesho.

Lakini sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 1334 ya mwaka 2008 inaeleza kwamba ladha haiwezi kuitwa ya asili isipokuwa imepatikana kwa njia za kawaida za kimaumbile, au kwa vimeng'enya, au kwa vijidudu. Maana yake ni kwamba vanilini iliyotokana na karafuu ya Pemba, ikigeuzwa kwa kichocheo cha madini, haitaruhusiwa katika soko la Ulaya kuitwa ya asili, na italazimika kushindana kwa bei na ile ya petroli. Mashindano hayo hatuyawezi. Ikigeuzwa kwa kimeng'enya, ambacho nacho ni kichocheo, ila hutokana na viumbe hai, jina la asili linabaki, na bei yake ni nyingine kabisa. Mti ni uleule, mafuta ni yaleyale; aina ya mshenga ndiyo inayoamua thamani ya mahari.

Hebu na tufikiri lau utafiti wetu ungeanza bila ya mnunuzi kuwapo. Vijana wetu wangetumia miaka mitatu, wakafaulu katika chupa zao, wakapongezwa, kisha wakaambiwa sokoni kwamba walichokitengeneza hakina mnunuzi kwa bei ile. Kosa lisingekuwa la kemia. Kosa lingekuwa la kutoshauriana. Ndiyo maana tunasema kwamba viti vya meza hii viwe vinne tangu mwanzo. Kiti cha kwanza ni cha mwenye mali, yaani Shirika letu linalomiliki mafuta. Cha pili ni cha maabara, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikishirikiana na wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao tangu mwaka 2001 wamechapisha utafiti juu ya vichocheo pamoja na wenzao wa York, Uingereza. Cha tatu ni cha mtengenezaji wa vichocheo, awe wa India au wa kwingineko, kwani baina ya gramu tano za chupani na tani moja ya kiwandani pana bahari, na yeye ndiye nahodha wake. Cha nne ni cha mnunuzi.

Kabla ya tone moja la mafuta kupimwa, pana jambo la kutangulia, nalo ni hati. Sisi tuliosomeshwa chuoni kabla ya kupelekwa skuli tulifundishwa mapema kwamba muamala wa muda huandikwa na hushuhudiwa, hata baina ya ndugu, na kwamba kuandika si kutoaminiana bali ni kuilinda imani yenyewe. Hati hiyo iseme nani atamiliki kichocheo kikipatikana. Nani ataruhusiwa kukitumia, na wapi. Mgao wa faida utakuwaje. Na vijana wetu wangapi watafunzwa kazi hiyo mpaka waijue. Sampuli zisiondoke visiwani bila ya hati. Mali bila daftari huisha bila habari.

Maafisa wetu wakumbuke pia kwamba haki za mali za viwandani si jambo la Muungano. Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2008 na wakala wake wa usajili, na Tanzania Bara inayo sheria yake. Hataza iliyosajiliwa upande mmoja haina nguvu upande wa pili. Na ile isiyosajiliwa katika nchi za soko haitamzuia mtu yeyote huko. Kulisahau jambo hili ni sawa na kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

Tunajua kuwa wapo watakaouliza: visiwa vidogo kama hivi vina nini cha kufanya katika sayansi ya mataifa makubwa? Jibu letu ni kwamba udogo wetu ndio unaotulazimisha. Indonesia inavuna karafuu nyingi kuliko sisi kwa mbali sana, na kwa wingi hatuwezi kuifikia tena. Anayeuza kidogo hana budi kuuza kilicho bora. Wala hatusemi kijengwe kiwanda cha vichocheo Wawi. Tunasema tuwe na fungu letu katika umiliki wa kichocheo kitakachofanya kazi juu ya mafuta yetu, ili kila kilo itakayogeuzwa, hata kama imegeuzwa mbali, irejeshe kitu kwa aliyepanda mkarafuu.

Aidha, hatutaki kuwadanganya wananchi. Kazi hii si ya msimu mmoja. Mittasch alihitaji majaribio kwa maelfu. Kichocheo kinaweza kufanya kazi vizuri Jumatatu, kikachoka Alkhamisi. Kinaweza kuharibiwa na uchafu mdogo uliomo ndani ya mafuta. Kwa sababu hiyo Kiwanda cha Wawi kitatakiwa kutoa mafuta ya kipimo kimoja mwaka hadi mwaka, na kuweka kumbukumbu za kila mtungo. Hilo halihitaji mshirika wa kigeni. Linaweza kuanza wiki hii, na faida yake itaonekana hata kama utafiti utachelewa, kwani mnunuzi yeyote hulipa vizuri zaidi kwa mafuta anayoyajua.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wahusika wote hatua tatu. Shirika na Chuo Kikuu vikae pamoja na vichague swali moja tu, si kumi. Wizara zinazohusika zitayarishe mfano wa hati ya utafiti wa pamoja ambao mgeni yeyote atakayekuja ataukuta mezani, badala ya sisi kuikuta ya kwake. Na vijana wachache wapelekwe kusomea kazi ya vimeng'enya na vichocheo kwa masharti ya kurudi, na kazi yao iwe inawangoja.

Mkulima wa Pemba ametimiza wajibu wake kwa vizazi. Amepanda juu ya vilima, amepanda juu ya miti, na wengine wameanguka wakavunjika. Yeye hakuombwa ajue kemia. Wanaopaswa kuijua kwa niaba yake wako maofisini na vyuoni, na mishahara yao inatokana na jasho hilo. Mafuta ni yetu. Na huo ufunguo wa kuifungua thamani yake, tukikaa kimya, utachongwa na wengine, nasi tutaukodi milele.