Anayetaka vipepeo uani awavumilie viwavi kwanza

Mzazi anapoamua kuwavutia vipepeo nyumbani, ili watoto wapate cha kutazama zaidi ya simu, kwa kawaida huanza kwa kununua miche ya maua. Si vibaya. Zinia na kosmosi zina utamu ambao vipepeo huufuata, hasa zikipandwa kwa wingi pamoja mahali penye jua, si mche mmoja hapa na mwingine kule. Lakini maua peke yake ni kama mgahawa: kipepeo anakuja, anakunywa, anaondoka. Atazaa hapo pale tu anapopata majani ya kutagia mayai. Hapo ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu majani hayo lazima yaliwe.

Mfano ulio karibu na wengi ni mndimu. Kipepeo mmoja mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano iliyopauka, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, hutaga mayai kwenye majani ya mndimu, mlimau na mchungwa. Kiwavi wake akiwa mdogo ana rangi ya kahawia na weupe, na anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, jambo linalomsaidia asiliwe. Akikua hugeuka kijani. Akiguswa, huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Kuna watoto watakaofurahia pembe hizo kuliko hata kipepeo mwenyewe.

Shida huanza mama au baba anapoona majani yametobolewa, akakimbilia dawa ya kunyunyizia. Dawa ya wadudu haichagui. Inaua kiwavi, inaweza kuua nyuki aliyekuja kwenye maua ya mti huohuo, na mabaki yake yanaweza kukaa kwenye majani ambayo mtoto anayashika na kwenye ndimu itakayokamuliwa mezani. Tena mara nyingi haikuhitajika. Mndimu mkubwa hauangushwi na viwavi watano. Mche mchanga ndio wa kuhurumiwa, maana unaweza kubaki vijiti vitupu. Kwa mche kama huo, kiwavi achukuliwe pamoja na jani alilokalia na kuhamishiwa mti mkubwa. Kazi hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Wanakijiji wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wanalijua somo hili kwa mfuko wao. Tangu 1993, kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede, wamekuwa wakifuga viwavi na kuuza pupa, ambazo husafirishwa hadi Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Kwao, jani linaloliwa si hasara.

Nyumba isiyo na mndimu inaweza kuwa na mstafeli au mpesheni. Hiyo nayo ina vipepeo wake. Ndizi au embe lililoiva kupita kiasi likiwekwa kwenye sahani kivulini huwaleta wengine wasiojali maua kabisa. Vipepeo pia hupenda kufyonza udongo wenye unyevu. Sehemu ndogo ya udongo ikimwagiwa maji inatosha. Beseni la maji yaliyotuama litaleta mbu.

Viwavi wenye manyoya wasiguswe. Baadhi yao huwasha vibaya, na mtoto mdogo akishawagusa hupeleka mkono machoni. Sheria ya nyumba iwe moja: tunatazama kwa macho, tunasogeza kwa jani.

Kutoka yai hadi kipepeo wa mndimu huchukua kati ya mwezi mmoja na miwili, kutegemea joto. Kwa mtoto huo ni muda mrefu sana, na wiki za pupa ndizo ngumu zaidi kwa sababu hakuna kinachoonekana kutokea. Kipepeo anapotoka, mabawa yake huwa yamekunjamana na yana unyevunyevu. Mtoto atataka kumsaidia kuyanyoosha. Azuiwe kwa upole: kipepeo anahitaji kuning'inia mwenyewe mpaka yajae na kukauka, na bawa lililovutwa kwa kidole halitengenezeki tena.