Karatasi ya Mgonjwa Iende Naye

Hapa Likasi mama mgonjwa akitumwa kutoka kituo kidogo cha afya kwenda hospitali kubwa, huchukua mtoto mgongoni na feza kidogo katika kitambaa. Lakini habari za ugonjwa wake mara nyingi hubaki nyuma kabatini. Huko aulizwa: Ulikunywa dawa gani? Ajibu: Vidonge vyeupe. Basi damu yapimwa upya, naye alipa mara ya pili.

Utaratibu si kwamba hatuna. Inchi yetu imegawanywa katika zoni za afya. Katika mji wetu tunazo za Likasi, Kikula na Panda. Kila zoni ina vituo vyake na hospitali yake kuu. Kituo chapaswa kumpa mgonjwa karatasi ya kumtuma, na hospitali yapaswa kurudisha jibu. Njia ni ya kwenda na ya kurudi.

Kwa nini basi karatasi hazitembei? Wengine husema: Fishi ni mali ya nyumba yetu. Tunawauliza: na ugonjwa ni mali ya nani? Na aliyelipa ni nani? Tuseme kweli: wako wanaoogopa kwamba mgonjwa hatarudi tena na feza zake. Wako pia wanaoogopa kwamba munganga mwingine ataona kosa lao.

Wengine husema: Ni siri. Siri ni neno zito, nasi twaiheshimu; tena sheria ya inchi yamwadhibu afunuaye siri aliyoaminiwa kwa kazi yake. Lakini siri yafichwa kwa jirani na kwa msengenyaji, si kwa munganga anayemtibu mgonjwa huyo, mgonjwa mwenyewe akikubali. Wazee walisema: Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Je, kilio hicho kitakuwa cha nani, cha kabati au cha watoto wa yule mama?

Tumkumbuke Msamaria mwema. Alipomfikisha yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, hakumtupa mlangoni akaenda zake. Alimkabidhi kwa mwenye nyumba, akatoa dinari mbili, akaahidi kupita tena. Tangu njiani hata nyumbani mgonjwa hakukosa mtu wa kumjua. Kuhani na Mlawi nao walimwona. Hawakumjeruhi, walipita tu. Anayefunga fishi kabatini naye anapita tu.

Basi, ninyi waganga na wauguzi wa vituo, andikeni: ugonjwa, dawa, kipimo, tarehe. Ninyi wa hospitali, jibuni, ili aliyemtuma ajue la kufanya mgonjwa akirudi kwake. Nasi waamini, tusiondoke mlangoni bila kuomba karatasi, tena tuitunze kama tunavyotunza cheti cha ubatizo. Na vituo vyetu vya misioni vitangulie, tusije tukahubiri Jumapili jambo ambalo Jumatatu hatulitendi.