Shaba ya Lualaba iwalipe wazee wake

Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, walisaini karatasi ya kuacha kazi. Mpango huo uligharimiwa na Benki ya Dunia na uliitwa wa kuondoka kwa hiari, ingawa wengi waliosaini walikuwa wamekaa muda mrefu bila mshahara, wengine karibu miaka mitatu. Kila mmoja alipewa fedha za mkupuo mmoja. Pamoja na kazi ziliondoka haki ambazo hakuna aliyezipigia hesabu: kutibiwa katika hospitali ya kampuni, watoto kusoma katika shule zake, mke kuhesabiwa kuwa mtu wa kampuni. Kolwezi, katika mitaa iliyokuwa kambi za wafanyakazi kama Kapata, Luilu na Musonoi, watu hao bado wanaitwa partants volontaires, walioondoka kwa hiari. Waliosalia wamezeeka, na swali la nani awatunze limezeeka pamoja nao.

Katika ukanda huu wa shaba, msaada kwa mzee, mjane na mtoto umefungwa kwenye ajira tangu zama za ukoloni, na kwa hiyo hupotea kila ajira inapopotea. Jimbo la Lualaba, ambalo Kolwezi ni mji wake mkuu, lina fungu lake la mrabaha wa madini. Kwa fungu hilo linaweza kuanzisha malipo ya kila mwezi kwa wazee wote, na kwa wanaolea yatima au kumtunza mlemavu nyumbani, bila kuuliza nani aliwahi kuajiriwa wapi. Naamini linapaswa kufanya hivyo.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwishoni mwa miaka ya 1920 iliona hasara ya kuleta vibarua wapya kila mara, ikaamua kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Nyumba, zahanati, shule na posho ya unga vilitoka kwa kampuni, na posho iliongezeka kadiri watoto walivyoongezeka. Serikali ilipoitaifisha kampuni hiyo mwaka 1967, Gécamines ilirithi migodi na utaratibu huo pia. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameandika kitabu juu ya familia hizo na kukiita Bana Shaba abandonnés par leur père: watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Kampuni ilikuwa baba kweli. Ilikulisha, ikakutibu, na ikakuamulia.

Kisha baba akaishiwa. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, mwaka uliofuata uporaji ukazikumba Kolwezi na miji mingine, na kufikia 2003 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Posho ikakatika, hospitali zikakosa dawa. Familia iliyokuwa na haki kwa sababu ya kazi ya mtu mmoja ikabaki mikono mitupu, kwa kuwa dola haikuwahi kujenga kitu kingine kando ya kampuni.

Leo shaba imerudi, na zaidi ya zamani. Mwaka 2023 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni mbili na nusu, nyingi zikitoka Lualaba na Haut-Katanga. Kinga ya jamii, hata hivyo, bado inapitia mlango uleule wa ajira. Sheria ya 15 Julai 2016 iliweka utaratibu mpya wa hifadhi ya jamii, na taasisi ya zamani ya hifadhi hiyo, INSS, ikageuka CNSS. Mwajiri na mfanyakazi wanachangia kwa pamoja asilimia 18 ya mshahara: 10 kwa ajili ya pensheni, 6.5 kwa ajili ya malipo ya watoto, na 1.5 kwa ajali na magonjwa ya kazini. Ni sheria nzuri kwa mwenye mkataba na mwajiri anayepeleka michango. Lakini hata ndani ya migodi mikubwa, ripoti ya shirika la RAID la Uingereza ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba katika migodi mitano iliyochunguza, zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia makampuni ya kati, kwa masharti dhaifu kuliko ya wenzao.

Nje ya migodi hiyo, mlango huo haupo kabisa. Muuza makaa hana mwajiri wa kumchangia, wala muuza mboga sokoni. Wachimbaji wa mikono, creuseurs, hawana mkataba na yeyote. Juni 2019 sehemu ya mgodi wa KOV, katika eneo la Kamoto Copper Company, iliwaporomokea wachimbaji walioingia kuchimba, na mamlaka zikahesabu watu wasiopungua 43 waliokufa. Kwa mfanyakazi mwenye michango, kifo kama hicho kingefungua pensheni ya mjane na yatima. Kwa creuseur kinaacha msiba na deni la mazishi. Watoto wanahamia kwa nkambo, yaani bibi yao, na huyo bibi mwenye miaka 65 au 70 anaanza upya kulea. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, jambo kubwa ambalo lazima lilindwe. Unga, dawa, sare na ada ya sekondari bado viko juu yake. Kazi yake haionekani katika takwimu yoyote, na ndiyo inayozuia watoto hao kurudi machimboni.

Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na walemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalumu, na mwaka 2022 ikapatikana sheria ya watu wenye ulemavu. Haki imeandikwa. Kinachohitajika ni fungu la fedha lenye jina lake.

Fungu hilo liko wapi? Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inatoza mrabaha wa asilimia 3.5 kwa shaba na 10 kwa kobalti. Katika kila dola 100 za mrabaha, 50 zinakwenda serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za chini kama mji, sekta au uchifu, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tufanye hesabu ya kukadiria. Tani 100,000 za shaba, kwa bei ya dola 9,000 kwa tani, huzaa mrabaha wa dola milioni 31.5, na robo ya jimbo ni karibu milioni 7.9. Kuwalipa watu 10,000 dola 20 kila mwezi kunagharimu dola milioni 2.4 kwa mwaka, chini ya theluthi ya robo hiyo. Na mgodi mmoja tu, Kamoa-Kakula, ulizalisha zaidi ya tani 400,000 mwaka 2024.

Dola 20 hazimtajirishi mtu. Lakini katika mji ambao bei ya unga wa bukari hupanda mara mahindi ya Zambia yanapochelewa mpakani, zinamwezesha bibi kununua unga kabla hajaanza kukopa.

Wapo watakaosema fedha zitaibwa. Hofu hiyo ina msingi, na haiwezi kupuuzwa. Ila tulinganishe: mkataba wa barabara anausoma mhandisi na waziri, wakati orodha ya wazee wa mtaa inaweza kusomwa kwa sauti mbele ya mtaa mzima. Mzee anayelipwa kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money anajua siku hiyohiyo kama fedha imefika. Kazi ngumu ni kuthibitisha umri, kwani sensa ya mwisho ya nchi ilikuwa ya 1984 na wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Kadi ya mpiga kura, kumbukumbu za parokia na kambi, na ushahidi wa majirani vitabidi vitumike pamoja.

Wengine wataonya kwamba bei ya madini haitabiriki. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na baadaye ikaweka mgao wa kiasi cha kuuza nje. Ndiyo maana malipo haya yasitegemee kobalti, na sheria ilazimishe akiba ya miaka miwili kabla ya mzee wa kwanza kulipwa. Ahadi inayovunjika katika mwaka mbaya ingewarudisha watu palepale walipoachwa 2003.

Hoja nzito kuliko zote ni ya nani anayestahili. Mji huu unavuta watu kutoka kila upande, na kumbukumbu ya Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, kufukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993 bado ni kidonda. Kuna watakaotaka fedha za Lualaba ziwafikie wazawa peke yao. Hapo hatupaswi kulegeza msimamo hata kidogo: kigezo kiwe makazi ya miaka kadhaa, kamwe kisiwe kabila wala asili ya baba. Waliochimba shaba hii kwa zaidi ya miaka mia walitoka pande nyingi, na jasho lao halikutenganishwa mgodini.

Kuna pia wanaosema kumtunza mzee ni kazi ya watoto wake, na wengine kwamba ni kazi ya serikali kuu. Wa kwanza nawaambia kwamba nkambo mwenye kipato chake hawafukuzi wanawe. Anawapunguzia mzigo, na kwa kawaida anakula pamoja na wajukuu. Wa pili wako sahihi kwa muda mrefu ujao, lakini kungoja si lazima. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa wote waliofikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuisubiri Tanzania Bara. Zambia, jirani yetu mwenye shaba kama sisi, ilianza na wilaya moja, Kalomo, mwaka 2003, kisha ikapanua.

Makampuni nayo yaendelee na wajibu wake wa kisheria, ikiwemo asilimia 0.3 ya mauzo kwa miradi ya jamii. Shule na visima vinahitajika. Ila tusiyaombe yalipe wazee, kwa maana tungekuwa tunamrudisha yule baba ambaye siku moja huondoka.

Bunge la jimbo lina uwezo wa kupitisha édit, yaani sheria ya jimbo, yenye mambo manne: umri wa miaka 65, malipo sawa kwa mlezi wa yatima au mlemavu, asilimia maalumu ya mrabaha isiyoguswa kwa matumizi mengine, na orodha inayosomwa hadharani kila mwaka, mtaa kwa mtaa. Waanze na Kapata na Luilu, walikozeekea watu wa 2003, kisha waende hadi vijiji vya Mutshatsha na Lubudi. Kila mwaka wa bajeti unaopita bila fungu hilo ni uamuzi, na wabunge wanapaswa kuutetea mbele ya wazee wenyewe.