Pale langoni uko peke yako, na bosi anapenda hivyo

Kama umewahi kuamka saa kumi alfajiri kule Kiandutu au Kwa Kairu ukaenda kusimama nje ya lango la kiwanda, haya ni yako. Unaijua ile baridi. Unajua nyapara anavyotoka, anautazama umati kama mtu anayechagua ndizi sokoni, halafu ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe wa kofia. Waliobaki, jaribuni kesho.

Mimi nilisimama hapo baada ya karo ya chuo kunishinda. Kiwanda sitakitaja. Siku moja mashine ilimkata jamaa mmoja vidole viwili. Tulimfunga mkono kwa fulana, akakimbizwa hospitali kwa bodaboda. Kesho yake jina lake halikuwa kwenye daftari. Hakuna aliyeuliza. Nyapara alitaka mtu wa kuziba pengo, akaninyooshea kidole, nami nikaingia mbio. Nilifurahi. Furaha hiyo ndiyo inanisumbua hadi leo.

Maana nilidhani mpinzani wangu ni yule msee aliyesimama kando yangu. Ndivyo kibarua kinavyotufanya. Tukiwa watu mia mbili na nafasi ni thelathini, kila mmoja anamwombea mwenzake akwame kwenye jam. Hapo nani atauliza habari ya glavu au ovataimu? Ukiuliza, kesho kidole kinakuruka.

Sasa wengi wetu tunaamini kuna siku mtu mkubwa atatuonea huruma. Kila Mei mosi tunangoja rais atangaze nyongeza ya mshahara wa chini. 2022 ilikuwa asilimia 12. 2024 ikawa asilimia 6. Tunapiga makofi. Lakini nikuulize: ni nani huja kiwandani mwako kuangalia kama hiyo asilimia imefika mfukoni?

Hata hiyo Mei mosi yenyewe haikuletwa na huruma ya mtu. Mnamo Mei 1, 1886, maelfu ya wafanyakazi Marekani waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Siku tatu baadaye, kwenye mkutano wao pale Haymarket, Chicago, bomu lilirushwa, na hadi leo haijulikani kwa hakika nani alilirusha. Wanaharakati wanane walipatikana na hatia, na wanne wakanyongwa 1887. Kichekesho ni kwamba Marekani yenyewe huadhimisha siku ya wafanyakazi Septemba, wakati sisi tunawakumbuka watu wa Chicago Mei.

Na usidhani hayo ni mambo ya Wazungu wa mbali. Hapa Nairobi, 1935, Makhan Singh alishika uongozi wa chama cha wafanyakazi akiwa na miaka 22 hivi, akakifungua kwa watu wa rangi zote wakati serikali ya kikoloni ilikuwa inatutenga hata vyooni. Chama hicho kilidai saa nane za kazi. 1937 wakagoma kwa siku 62, na wakatoka na nyongeza ya mshahara. Baadaye mkoloni alimweka kizuizini kuanzia 1950 hadi 1961.

Januari 1947, Mombasa nzima ilisimama. Wafanyakazi kama 15,000 waligoma: wa bandari, wa reli, hadi wa hotelini. Aliyeibuka kiongozi wao ni Chege Kibachia, mtoto wa Kiambu, kaunti hii hii ya Thika na Ruiru. Alikuwa bado na miaka ishirini na kitu. Mwaka huo huo alikamatwa akapelekwa mbali, Kabarnet.

Angalia umri wao, kisha ujiangalie. Hawa hawakuwa wazee. Hawakuwa na simu wala vikundi vya WhatsApp. Walichokuwa nacho ni kwamba mmoja akiguswa, wengine wanauliza.

Najua utasema nini: yunioni za siku hizi ni za wazee wenye matumbo, wanakaa ofisini miongo na miongo. Hapo sibishani sana. COTU iliundwa 1965 serikali ikiwa na mkono wake ndani, na tangu hapo viongozi wa wafanyakazi na wakubwa wa siasa wamezoea kukaa jukwaa moja. Kuna watu wanakatwa ada kila mwezi na hawajawahi kumwona mwakilishi. Lakini choo kikiharibika, hatuhamii kichakani. Tunakirekebisha. Chama kinalala kwa sababu wanachama tumelala, na vijana tumekisusia kabisa.

Halafu sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi, hahesabiwi tena kuwa wa kulipwa kwa siku. Ndiyo maana kuna mabosi wanaokurudisha nyumbani wiki moja kisha wanakuita upya, au wanakuajiri kupitia ajenti. Wanaijua sheria. Ni wewe hujaambiwa. Na mwajiri analazimika kukitambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Sikiliza vizuri: zaidi ya nusu. Shujaa mmoja mwenye kelele hawezi kuifikisha hiyo hesabu.

Basi anza na kidogo. Nunua daftari la shilingi ishirini, uandike kila siku uliyofanya kazi na saa ulizotoka. Usifute meseji za M-Pesa za malipo. Uliza chama cha sekta yako ni kipi, maana wa mashamba wana chao, wa nguo wana chao, wa mikate wana chao. Mtafute mwakilishi, na akikukwepa, gombeeni nafasi yake. Msianze na mgomo wa hasira wa asubuhi moja, kwa sababu mgomo usiofuata utaratibu ndio unaompa bosi sababu ya kuwafuta nyote.

Mbona hili litushinde? Mama zetu walitusomesha kwa chama. Shilingi mia mbili kila wiki, kila mmoja na zamu yake, na ole wake anayekula ya mwenzake. Ni akili ile ile, tuipeleke kiwandani.

Yule jamaa wa vidole sikumwona tena. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya 2007 pia, haikuwaacha nje watu kama yeye. Sisi hatukuijua, na tungeijua sijui kama ningethubutu kufungua mdomo peke yangu. Lakini asubuhi ile tulioingia tulikuwa thelathini. Tungesimama pale langoni dakika tano tu, thelathini, tukauliza swali moja: yuko wapi mwenzetu?